Mgeni Anakula?

Juzi sokoni muuza ndizi mmoja alinifokea. "Mama, unanunua ndizi au unaipima homa?" Nilikuwa nimeshika ndizi moja kwenye mkungu wake, nimefumba macho, napitisha kidole gumba kwenye kingo zake. Nimekuwa hivyo tangu utoto na sioni sababu ya kubadilika uzeeni. Sisi tuliolelewa kwenye vibanja, mashamba ya migomba, tunajua kwamba ndizi changa ina kingo kali, na kadiri inavyokomaa zile kingo zinazama, ndizi inajaa, inakuwa ya mviringo. Kidole kinakuambia imebakiza majuma mangapi. Lakini siku ile sikuwa natafuta ndizi. Harufu ya majani makavu ya mgomba yaliyofungia ule mkungu ilikuwa imenirudisha Izigo, jikoni kwa bibi yangu, na mkono wangu ulikuwa mgongoni mwa chatu.

Wakati huo wazazi wangu walikaa Nshambya, Baba akiwa karani mjini Bukoba. Mama alipojifungua mapacha, mimi nilipelekwa Izigo kwa Bibi, mama yake Baba, ili mikono ipungue kumvuta. Nilikuwa darasa la tatu. Mtakaosoma haya na mlio rika langu mnaikumbuka miaka hiyo: asubuhi tunaimba nyimbo za kujitegemea huku tumbo linaimba za kwake, jioni tunarudi na jembe begani tukitoka shamba la shule.

Babu sikumkuta. Katika ukoo wetu wanaume wa zamani walitunza chatu, kazi iliyokuwa na mambo yake ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Babu alipobatizwa aliambiwa aachane na vitu vyote vya kale. Alichoma vya kuchomwa, akatupa ziwani vya kutupwa. Chatu akabaki. "Alisema mnyama hajamkosea Mungu wala padre," Bibi aliniambia, "na mimi sikuona ubishi wa kumbishia mwanamume aliyekwisha kubatizwa." Babu alipokufa, chatu akawa wa Bibi, pamoja na kibanja, mibuni na rozari iliyokatika.

Chatu huyo alikaa jikoni, ndani ya mtumbwi wa gogo wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mtumbwi ule ulikuwa umepasuka, haukufaa tena kwa pombe, kwa hiyo Bibi aliufunika kwa ubao na kuweka jiwe juu. Jikoni kulikuwa na joto la moto usiozimwa, na ndani ya mtumbwi kulikuwa na nyasi kavu na bakuli la maji. Watoto hatukuruhusiwa kumwita nyoka. Jina lake lilikuwa Mgeni. Wazee waliokuja kututembelea, kabla hata hawajaketi, waliuliza kwanza, kwa neno letu la heshima: "Waitu, Mgeni anakula?" Bibi alijibu siku zote kwa maneno yale yale: "Anakula, na sisi tunakula." Hapo ndipo zilipofuata salamu nyingine, za watoto, za ng'ombe, za mvua.

Kwa watu wazima ile ilikuwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani bila kutaka kuzijua zote. Mimi niliipokea kama nilivyoipokea katekisimu. Nilielewa kwamba nyumba yetu yote inaishi kwa tumbo la chatu mmoja.

Bibi alinifundisha kumlisha juma la pili tu baada ya kufika. Panya tuliwatega kwenye ghala la kahawa kwa jiwe na kijiti. Tulimpa aliyekwisha kufa, kwa sababu panya mzima anaweza kumng'ata chatu aliyezubaa. Kwanza Bibi alimpasha moto karibu na mafiga, kisha akamning'iniza kwa mkia. Panya hakutakiwa kuwa mnene kuliko Mgeni mwenyewe alipo mnene zaidi. Baada ya kumeza, hakuna kumgusa, hakuna kumfunua, mpaka uvimbe wa tumboni utulie. Halafu siku zipite, nyingi.

"Ngapi?" niliuliza.

"Unataka hesabu? Nenda shule. Hapa tunatumia mkono."

Alinishika kiganja akakiweka mgongoni mwa Mgeni. Nilitegemea ute, nikakuta ngozi kavu, laini, yenye uvuguvugu wa moto wetu. "Akikonda," Bibi alisema, "uti wa mgongo unasimama, na mbavu zinashuka huku na huku. Utahisi kingo. Ni kama ndizi changa."

"Na akishiba?"

"Anajaa kidogo. Mgongo unakuwa wa mviringo, lakini ukibonyeza unaukuta mfupa ukikungoja chini."

Nilishika lile la ndizi. Hilo la mfupa unaongoja chini lilipita sikio moja likatokea jingine, na ndilo lililonigharimu.

Kiangazi kilipoanza, Mgeni aligoma kula. Ngozi yake ilififia, na macho yake yakafunikwa na utando wa buluu wenye maziwa, kama macho ya mzee aliyepofuka. Bibi alimtazama akarudisha ubao. "Anavua ngozi. Mwacheni." Juma lile lile yeye mwenyewe akaanza kusukuma sahani ya ebitoke, ndizi za kupikwa, pembeni. Alikuwa akishika tumbo akidhani hatumwoni. Siku ya nne alianguka kwenye mibuni, na siku ya tano Baba akaja na lori la kubebea kahawa kumpeleka hospitali Bukoba. Alipopakiwa juu ya magunia alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Usimpe kitu mpaka macho yafunguke." Nilikuwa nimekwisha kuyaunganisha mambo mawili: Mgeni hali, Bibi hali. Mgeni haoni, Bibi anaondoka.

Nikaachwa na Shangazi Koku, dada yake Baba, aliyekuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga. Shangazi alikuwa mwanamke mwema aliyeogopa kitu kimoja duniani, na kitu hicho kilikuwa jikoni kwake. Alipikia nje, mvua inyeshe, jua liwake. "Huyo mdudu wenu," aliniambia siku ya kwanza, "namvumilia kwa sababu ya mama. Siku nikimwona amezidi unene wa mwanangu, nitamwita mtu mwenye panga. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Siku chache baadaye nilikuta ngozi nzima ya Mgeni imelala kwenye nyasi kama soksi iliyogeuzwa, na yeye mwenyewe anang'aa, macho meusi, yananitazama. Nikampa panya, akamkamata kabla sijamaliza kumning'iniza. Na jioni ile ile, wenzangu, dereva wa lori alisimama barabarani akapaza sauti: "Mwambieni Koku mama yake leo ameketi, amekunywa uji!"

Mtoto akishapata ushahidi wa namna hiyo, hata askofu hawezi kumtoa hapo. Nilikaa kwenye kizingiti nikilia kwa furaha, na papo hapo nikapata kazi. Kama panya mmoja amemketisha Bibi, wawili watamsimamisha. Watatu watamrudisha nyumbani.

Basi nikaanza kujaza. Sikungoja uvimbe utulie. Niliongeza mitego ghalani, na panya walipokuwa haba nilikwenda kwenye vifaranga. Kila nilipopeleka mkono mgongoni nilitafuta zile kingo, na kila zilipozidi kuzama nilifurahi. Nilikuwa nampima kama mkungu: ukijaa zaidi ndivyo unavyopendeza, ukikaribia kupasuka ndipo mwenye nyumba anaposifiwa. Nani kwetu aliwahi kulalamika kwamba ndizi imejaa mno? Ngozi yake ilianza kuachana, weupe ukaonekana kati ya magamba. Akijikunja, mikunjo ya mafuta ilitokea ubavuni. Mkia ukanenepa. Na mfupa nilioambiwa utaningoja chini ukapotea kabisa, nikaona huo ndio ushindi wenyewe.

Hapohapo nilikuwa naogopa mpaka nakojoa kitandani. Shangazi Koku hakuwa anasogelea mtumbwi, lakini alikuwa na macho. Aliuliza mbona vifaranga vinapungua. Nikasema mwewe. Akauliza mbona mwewe haonekani. Nikasema anakuja tukiwa shule. "Kama uko shule umemwonaje?" Alikwenda hadi mlangoni mwa jiko, akasimama na mtoto kifuani, akatazama ule ubao kwa muda mrefu. Mwanaye alikuwa kibonge, namshukuru Mungu. Kila siku nilimpakata nikimpima paja kwa vidole, kisha nakwenda kumpima Mgeni, kuona ni nani anaongoza. Nilimwomba mtoto yule anenepe haraka.

Siku ya shamba la ujamaa watu wazima wote walikwenda na majembe, kwa sababu mwenyekiti alisoma majina na asiyekuwepo aliitwa mbele ya mkutano. Shangazi aliniachia mtoto mgongoni, uji kwenye chungu, na neno moja: "Jikoni usiingie." Alipopotea kwenye migomba nikaingia. Siku tatu lori lilikuwa halijapita na habari za Bibi sikuwa nazo. Nilikuwa na kifaranga mkononi, kikubwa, tayari kina manyoya ya mabawa.

Mgeni alikichukua taratibu, bila hamu. Kilifika nusu ya safari, kisha nikaona mwili wake unakwenda kinyume. Mawimbi yakapanda badala ya kushuka. Alifungua kinywa hadi nikaogopa kitachanika, akatapika kifaranga, na nyuma yake akatapika panya wa juzi, asiye na umbo tena. Harufu iliyotoka sijawahi kuikuta mahali pengine, na nimezaa, nimeuguza, nimezika. Halafu akalala chali nusu, kichwa pembeni, kinywa wazi.

Mtoto alianza kulia mgongoni. Mimi sikulia. Nilijua tu kwamba Bukoba, wakati huo huo, kitandani, Bibi amelala hivyo hivyo. Nilikimbia hadi barabarani na mtoto yule akipigapiga kichwa kwenye mgongo wangu, nikasimama pale kwenye jua kuwangoja watu waniletee msiba nilioutengeneza mwenyewe. Sijui nilisimama kwa muda gani. Watu waliopita na majembe waliniuliza kuna nini.

Lori lilipofika, Baba alishuka. Nilipiga magoti kumsalimu, nikabaki hapo chini. "Una nini?" aliuliza. "Bibi yako anarudi Jumamosi."

Hakuna aliyeelewa kwa nini sikufurahi. Nilikuwa nimechanganyikiwa: Mgeni anakufa na Bibi anarudi. Kamba yangu ilikuwa imekatika mahali fulani na sikujua wapi.

Alirudi kweli, akishikiliwa na watu wawili. Walikuwa wamempasua tumbo na kumshona, basi, wakasema akapumzike nyumbani. Sikujua maana ya daktari kusema hivyo. Kesho yake nilimsugua mgongo wakati Shangazi anamwogesha, na kiganja changu kikakutana na uti uliosimama na mbavu zilizoshuka huku na huku. Ndizi changa. Niliondoa mkono haraka. Bibi aligeuka akanitazama, nadhani alielewa, lakini alichosema ni: "Nipeleke kwa Mgeni."

Mgeni alikuwa hai, amejikunja, mchovu, bado mnono wa kutisha. Bibi aliketi kwenye kigoda akapitisha mkono mgongoni mwake, polepole, kutoka shingoni hadi mkiani. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Nilingoja anisifu.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Umemfanya nini huyu?"

"Nimemjaza."

"Kwa nini?"

"Ili upone."

Hakucheka. Bibi alinivuta nikakaa kwenye nyasi miguuni pake. "Sikiliza, mwana wange. Ndizi tunaiacha ijae kwa sababu tutaikata. Huyu hatumkati. Huyu tunataka abaki." Kisha akatoa amri: majuma mawili maji tu, mpaka tumbo lililotapika lipone, kisha, kama mkono utasema bado, maji tu mpaka mwezi mwingine uandame.

Huo ndio mwezi mrefu kuliko yote niliyowahi kuishi. Kila asubuhi Bibi alinituma nikampime Mgeni, nirudi nimwambie nimehisi nini. Mafuta ya ubavuni yalipungua. Magamba yakasogeleana. Nami kila niliporudi kutoka mtumbwini nilimkuta Bibi mdogo zaidi kitandani. Nilimwomba nimpe panya, mmoja tu, hata mdogo. Alikataa. Mara mbili nilikwenda ghalani nikamtoa panya kwenye mtego, nikasimama naye mbele ya ule ubao. Mara mbili nikamtupa kwenye migomba. Sijui mpaka leo kama huo ulikuwa utii au uoga.

Mwezi ulipoandama alitaka abebwe hadi jikoni. Shangazi Koku alimbeba mgongoni kama mtoto, yeye aliyekuwa hajavuka kizingiti kile tangu arudi. Bibi alimgusa Mgeni, akatabasamu, akashika mkono wangu na kuuweka pale alipokuwa ameugusa. Mgongo ulikuwa wa mviringo. Nilibonyeza, na chini, mahali pake, mfupa ulikuwa unaningoja.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Mkono wako usipasahau. Kesho mpe mmoja."

Kesho yake asubuhi Bibi hakuamka.

Nitasema wazi, kwa kuwa nimelibeba hili muda mrefu mno. Kwa miaka mingi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye vyeti, niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua bibi yangu kwa kumnyima chatu panya. Nilikuwa nimeolewa tayari Baba aliponiambia kwamba madaktari walikuta uvimbe, wakafunga tumbo bila kuugusa, na kwamba Bibi alijua tangu siku ile aliyoshuka kwenye lori. Alijua. Na majuma yake ya mwisho aliyatumia kurekebisha nilichoharibu.

Lakini msibani sikujua hayo. Siku zote za matanga sikuingia jikoni. Nilimchukia Mgeni kwa chuki ya kweli, kwamba yeye yupo. Siku ya tisa, nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya matanga zimejaa watu, Baba na Shangazi walikubaliana kwa sauti ya chini kwamba mambo yale yaishe. Baba alisema wanaparokia wamekwisha kuanza kuuliza. Shangazi akasema lakini amtazame kwanza mtu anayemjua, kwa sababu mnyama mwenye afya aliyeachwa na mama hauawi bila sababu, ila kumuua mnyama mgonjwa asiyekula ni huruma. Nilishangaa kumsikia yeye akisema hivyo. Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye migomba, panga lake mkononi, akitazama chini.

Wakati huo ndipo alipoingia Ma Paskazia, rafiki wa Bibi, aliyetembea toka mbali kwa fimbo. Watu walimpisha. Alipita kwa Baba, akapita kwa Shangazi Koku, akaja kusimama mbele yangu. Kikongwe yule aliinama kidogo, kama alivyokuwa akiinama kwa Bibi, akaniuliza mimi, mtoto wa darasa la tatu mwenye kamasi:

"Waitu, Mgeni anakula?"

Watu wote waligeuka. Niliona kwamba neno langu moja litatosha kumleta jikoni yule mwenye panga. Niliinuka niende kumtazama, na nawaambia kweli, niliinuka nikiwa nimekwisha kuamua kurudi na "hapana".

Nilisogeza jiwe, nikaondoa ubao. Alikuwa hapo, ameinua kichwa kidogo kwa sababu ya mwanga. Niliweka kiganja mgongoni nikitafuta kingo. Nilizitafuta toka shingoni hadi mkiani, kwa hasira, nikitaka nizikute. Hazikuwepo. Nikabonyeza, na mfupa ulikuwa pale pale, Bibi alipouacha chini ya mkono wangu. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu afe, paji la uso kwenye ukingo wa mtumbwi, mpaka nikasikia fimbo ya Ma Paskazia ikigonga mlangoni.

Nilijifuta uso kwa gauni jeusi la kuazima, nikatoka.

"Anakula," nilimwambia, na sauti yangu ikawafikia wote, hata yule wa kwenye migomba. "Anakula, na sisi tunakula."

Ulikuwa uongo. Mgeni alikuwa hajaonja kitu tangu siku ile ya kutapika, na mimi mwenyewe sikuwa nimemeza kitu tangu jana. Ma Paskazia aliitikia kwa kichwa, akaketi, akaanza kuuliza habari za mvua. Nami nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaenda ghalani kutega panya.